Majaji Wasioona: Watoto na Fidla katika Mji wa Weiser

Wasikilizaji, kuna mashindano ya muziki huko Marekani ambayo majaji wake huketi kama mlivyoketi ninyi sasa hivi: chumbani, mbele ya spika, bila kumwona anayepiga. Ni mashindano ya fidla, na kwa zaidi ya nusu karne yamekuwa yakifanyika mwezi wa Juni katika mji mdogo wa Weiser, jimbo la Idaho. Mshindani anapanda jukwaani kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, watu wamejaa hadi kwenye viti vya ngazi, na anayempa alama yuko chumba kingine kabisa. Jaji haoni kofia wala gauni. Haoni kama mpigaji anatetemeka, au kama baba yake ni bingwa wa mwaka juzi aliyesimama pembeni na gitaa. Anasikia nyuzi tu.

Kwa mtoto, utaratibu huo ni neema na ni balaa. Hakuna anayeweza kumdharau kwa udogo wake, lakini pia hakuna anayeweza kumwonea huruma. Ule uzuri wa mtoto wa miaka 7 aliyeshika fidla ya robo, ambao unafanya ukumbi mzima utabasamu kabla hajagusa upinde, hauongezi hata alama moja. Akikosea mdundo, amekosea. Waliokulia kwenye mashindano haya ni watu waliopimwa kwa sikio tupu tangu meno ya utotoni hayajang'oka, na hilo ndilo linalowatofautisha na watoto wengi wanaopandishwa majukwaani duniani.

Sisi wa pwani fidla tunaijua kwa sura nyingine. Tunaiona kwenye taarabu, wapigaji wameketi safu moja, wote wanapita njia moja ya lahani, qanuni na udi pembeni, mwimbaji mbele. Ikhwan Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, imelea vizazi vya wapigaji wa namna hiyo. Weiser hakuna mwimbaji na hakuna safu. Ni mtu mmoja na ala yake, pengine na mpiga gitaa mmoja au wawili wa kumshikia mdundo, na muda ni dakika 4.

Mji wenyewe hauna makubwa. Una watu wapatao 5,600, uko mahali mto Weiser unapoingia mto Snake, na ng'ambo ya mto ni jimbo la Oregon. Wakulima wa bonde hilo wanalima vitunguu, viazisukari na ngano. Wenyeji husimulia kwamba fidla ilifika pale mwaka 1863, kilipojengwa kituo cha kupumzikia wasafiri wa magari ya kukokotwa waliokuwa wakielekea magharibi. Usiku watu wa misafara tofauti walikutana motoni na kubadilishana nyimbo. Mwaka 1914 mji uliandaa shindano la fidla, kisha shauku ikapoa kwa miaka mingi.

Aliyeifufua ni Blaine Stubblefield, mtu wa mambo mengi. Aliwahi kuwa mwandishi wa habari za ndege, aliwapeleka watalii kwa mashua katika korongo la Hells Canyon, na kichwani alikuwa na shehena ya nyimbo za kale kiasi kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani ilimrekodi mwishoni mwa miaka ya 1930. Akiwa katibu wa chama cha wafanyabiashara cha Weiser, mwaka 1953 aliomba dola 175 za zawadi ili wapiga fidla washindane wakati wachezaji wa tamasha la ngoma za jozi wakipumzika. Kumbe watu walikuwa na njaa ya kitu hicho. Kile cha kujazia muda kikameza tamasha lililokizaa. Stubblefield alifariki mwaka 1960, na miaka mitatu baadaye, Idaho ilipoadhimisha miaka 100 tangu iwe eneo rasmi la Marekani, shindano lilipewa hadhi ya taifa.

Sasa tuje kwa watoto wenyewe. Washindani hugawanywa kwa umri. Kuna kundi la wadogo kabisa, wasiozidi miaka 8. Kuna la wale wa 9 hadi 12. Kuna la vijana hadi 17. Halafu watu wazima, wazee, na wazee wa wazee wenye miaka 70 na zaidi. Kila anayepanda anapaswa kupiga nyimbo tatu: kwanza wa mwendo wa kasi, ule wa kuchezewa kwa vishindo; kisha walsi, yenye mapigo matatu ya taratibu; mwisho ni wimbo anaouchagua mwenyewe, mradi usiwe wa aina hizo mbili za kwanza. Zote tatu zitoshe katika zile dakika 4, na ukivuka muda unakatwa alama. Ukipita kwenda raundi inayofuata, nyimbo ulizokwisha kupiga huruhusiwi kuzirudia. Kwa hiyo anayetaka taji lazima aje na akiba kubwa. Watoto wa Weiser hukua wakiwa na kumbukumbu ya nyimbo kama wanafunzi wa madrasa walivyo na kumbukumbu ya sura.

Kuna kanuni nyingine inayowaudhi wengi na kuwafaa zaidi ya wanavyokiri: hakuna mbwembwe. Hairuhusiwi kupiga fidla mgongoni, wala kuiga milio ya ndege na honi za treni. Wimbo kama Orange Blossom Special, unaoiga garimoshi na kuwainua watu vitini popote unapopigwa, umepigwa marufuku. Mgeni huona ni ukali usio na maana. Lakini tazama matokeo yake. Mtoto mwenye kipaji, akiachiwa, atakimbilia kile kinachopigiwa makofi haraka, na wazazi watamsukuma huko huko. Weiser imemfungia mlango huo tangu akiwa na miaka 6. Anabaki na walsi, na walsi haina pa kujificha. Ukiivuta noti ndefu na upinde ukatetemeka, kila mtu anasikia, kuanzia bibi aliyeketi safu ya mwisho hadi jaji aliyefungiwa chumbani.

Alama hutolewa kwa ustadi wa upigaji wa kale, kwa mdundo na muda, kwa ubora wa sauti, na kwa kiasi ambacho muziki unachezeka. Hilo la mwisho tutalirudia, maana lina kasoro yake.

Ila ukumbini ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko nje, kwenye nyasi. Karibu na shule kuna majengo ya iliyokuwa Intermountain Institute, shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1899, na kiwanja cha jirani ndiko wanamuziki wanakopiga kambi. Wamekibatiza jina Stickerville kwa sababu ya mbigili. Msikilizaji aliyewahi kutembea peku kwenye uwanja wa mpira wa kijijini anajua mbigili ni nini. Za Idaho ni ndugu zake hasa, zinatoboa tairi la baiskeli bila shida. Wiki ya Juni kiwanja hicho hujaa mahema, magari ya kulala na maturubali, na joto la mchana likishuka, miduara ya wapigaji inaanza.

Inakwenda hivi. Watu wanne au watano wameketi kwenye viti vya kukunja, magoti yakikaribia kugusana. Mmoja anaanza, wengine wanaingia. Hakuna karatasi ya noti hata moja. Mpiga gitaa hatulii kwenye kodi moja. Anapanda na kushuka shingoni mwa gitaa, karibu kila pigo na kodi yake, mtindo ulioletwa na watu wa Texas. Mtoto yuko nje ya duara, fidla kwapani, macho kwenye vidole vya mzee fulani. Wimbo unazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mahali fulani kwenye mzunguko wa sita mtoto anaanza kugusagusa nyuzi, kimya kimya, asisikike. Mzee akimwona, aghalabu hasemi kitu. Anapunguza mwendo. Duara zima linapungua naye, na mtoto anasogeza kiti. Miaka ya 1970 wengi walikuja na vinasa sauti vya kaseti, wakaviweka chini katikati ya duara, kisha wakarudi navyo nyumbani na kusikiliza kipande kile kile majira yote ya baridi. Leo ni simu. Kazi ni ile ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mark O'Connor, na kwa bahati nzuri mwenyewe ameandika kumbukumbu za utoto wake katika kitabu, Crossing Bridges, kilichotoka mwaka 2023. Alizaliwa Seattle mwaka 1961, akaanza na gitaa. Akamwona mpiga fidla Doug Kershaw kwenye televisheni, akashikwa. Alimsumbua mama yake apate fidla, na aliipata alipofikisha miaka 11. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Barbara Lamb, naye wakati huo alikuwa bado msichana wa shule. Halafu ikatokea bahati ya aina yake: mzee Benny Thomasson, gwiji wa Texas aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa amehamia jimbo la Washington mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bwana mkubwa wa fidla ya Texas sasa anaishi umbali wa safari ya gari kutoka kwa mtoto mwenye kiu.

Thomasson naye alikuwa zao la mashindano, tena la kushindwa. Ujanani aliingia shindano kubwa huko Texas akijiona yuko vizuri, akatoka mikono mitupu. Akarudi nyumbani na kuzichukua nyimbo za zamani moja moja, akazijengea vipande vya ziada: sehemu ya kwanza inaporudi inakuja na sura mpya, kila mzunguko na namna yake, ilhali wimbo haupotei. Namna hiyo ndiyo aliyompa Mark, wakiketi pamoja mwisho wa juma, mama wa mtoto akiwa ndiye dereva. Mwaka 1974 mwalimu alitwaa taji kuu la Weiser, na mwaka huo huo mwanafunzi, hajafikisha hata miaka 13, akatwaa lile la vijana. Mwaka 1975 alilitetea. Taji kuu alilichukua mwaka 1979, akiwa na miaka 17, halafu 1980, 1981 na 1984. Baadaye alirekodi na mpiga selo Yo-Yo Ma na mpiga besi Edgar Meyer albamu ya Appalachia Waltz, iliyotoka mwaka 1996, na akatunga mfumo wake wa kuwafundishia watoto ala hiyo kwa nyimbo za Marekani.

Hapa ndipo shangwe inapaswa kupungua kidogo.

Kabla ya Thomasson na wenzake wa Texas na Oklahoma kuanza kushinda Weiser, wapigaji wa Idaho, Oregon na Montana walikuwa na upigaji wao. Ulikuwa wa watu waliopigia ngoma kwenye maghala na kumbi za vijijini hadi alfajiri: mdundo mzito, lahani isiyo na mapambo mengi, kurudia mle mle kwa sababu wachezaji walihitaji hivyo. Kisha wakaja akina Herman Johnson wa Oklahoma, aliyelitwaa taji kuu mara tano, na akina Byron Berline, bingwa wa 1965, 1967 na 1970, ambaye mwaka 1969 bendi ya Rolling Stones ilimsimamisha kando ya barabara Los Angeles imrekodi kwenye wimbo wa Country Honk. Watoto si wajinga. Waliona nani anarudi nyumbani na kombe. Kwa miaka michache mtindo wa Texas ukawa ndio mtindo wa mashindano, na upigaji wa babu zao wa kaskazini-magharibi ukabaki kwenye miduara ya wazee na kwenye kanda. Majaji wasioona uso walisikia vizuri sana, na walichokipenda masikioni mwao kikawa sheria.

Na lile suala la muziki kuchezeka? Linabaki kwenye fomu ya alama, lakini ukumbini watu wameketi. Hakuna anayecheza. Wimbo wa mwendo wa kasi hupigwa polepole kuliko mguu wa mchezaji ungependa, ili mapambo yasikike. Mtoto anapewa alama kwa ngoma ambayo pengine hajawahi kuichezea wala kuiona ikichezwa. Hilo ni pengo, na waandaaji wangeweza kuliziba kwa kuwarudisha wachezaji sakafuni, maana shindano lilianza kama mapumziko yao.

Kufungiwa kwa majaji chumbani nako hakukuziba kila kitu. Kwa miaka mingi wanawake walikuwa na taji lao pembeni. Jana Jae, ambaye baadaye Wamarekani walimjua kwenye kipindi cha televisheni cha Hee Haw, alilishinda mwaka 1973 na 1974. Kulikuwa na sababu gani ya kuwa na taji la wanawake mahali ambapo jaji hajui kama ni mwanamke au mwanamume? Sikio halikuwa na ubaguzi, ila fomu ya kujiandikisha ilikuwa nao. Siku hizi wanawake wameshalitwaa taji kuu lenyewe.

Ukitaka kuona mji mdogo ulioshika njia tofauti, nenda Galax, jimbo la Virginia, kwenye milima ya Appalachia. Huko kuna mkutano wa wapiga fidla tangu mwaka 1935, ulioanzishwa na chama cha wenyeji cha Moose Lodge ili kujipatia fedha na kujitangaza. Unafanyika Agosti kwenye uwanja wa Felts Park, nje, mvua ikinyesha ni tope. Pale kuna fidla, banjo, bendi nzima na wachezaji wa kugonga miguu, na mtoto anayekua pale anasikia fidla ikiwa ndani ya bendi, ikimtumikia mchezaji. Upigaji wao si mpana kama wa Texas. Lakini una udongo wake, na mtoto wa Galax hahitaji kuwa Mtexas ili apate nafasi.

Tena kuna watoto ambao hawakupata jukwaa lolote. Kwa vizazi vingi watumwa wenye asili ya Afrika walikuwa miongoni mwa wapiga fidla wakuu wa Marekani ya kusini. Solomon Northup, aliyeandika Twelve Years a Slave mwaka 1853, alitekwa mwaka 1841 na kuuzwa utumwani baada ya kurubuniwa kwa ahadi ya kazi ya kupiga fidla kwenye sarakasi. Mashindano yalipopata umaarufu mwanzoni mwa karne ya 20, yale makubwa ya Atlanta, yaliyoanza mwaka 1913, yalikuwa ya wazungu peke yao. Joe Thompson, aliyezaliwa mwaka 1918 huko North Carolina, babu yake mpiga fidla alizaliwa utumwani. Joe alijifunza nyumbani, na husimuliwa kwamba fidla yake ya kwanza haikuwa na nyuzi, akachomoa nyaya kwenye wavu wa mlango. Alipigia ngoma za majirani wakati wa kupukuchua mahindi. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80 vijana watatu walipoanza kumtembelea kila wiki wajifunze kwake. Ndio waliounda bendi ya Carolina Chocolate Drops, na albamu yao ya mwaka 2010 ikashinda tuzo ya Grammy. Ni somo lile lile la Stickerville, magoti kwa magoti, bila jukwaa na bila kombe. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, ya O'Connor na ya Thompson, inakuwa vigumu kudai kwamba ni shindano linalomfanya mpigaji. Kinachomfanya ni mzee aliyekubali kupunguza mwendo. Shindano kazi yake kubwa ni kumleta mzee huyo mahali mtoto anapoweza kumpata.

Weiser imepitia dhoruba zake. Mwaka 2020 korona iliyazuia mashindano, na kuyaandaa kwa wiki nzima katika mji wa watu wachache si mzigo mdogo kwa watu wa kujitolea.

Neno la mwisho ni kwa wasikilizaji walio mbali. Boise, mji mkuu wa Idaho, uko mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka Weiser, na kuna familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi na Rwanda zinazozungumza Kiswahili nyumbani na watoto wao wanasoma shule za huko. Kama mko miongoni mwao na mtoto wenu ameanza kujifunza fidla shuleni, ulizieni ratiba ya mashindano ya mwaka huo kabla ya Juni kufika. Mkienda, nendeni mchana, saa za kundi la wadogo. Kisha tokeni ukumbini, vaeni viatu vyenye soli ngumu kwa ajili ya mbigili, na mwacheni mtoto achague duara la kusimama nyuma yake. Fidla aje nayo.